Sarufi ya Kiswahili na Sentensi ya Kiingereza Chuoni: Mfano wa Mwanachuo wa Ayany

Mtaa wa Ayany umo Kibera, jijini Nairobi, jirani na Olympic. Mwanachuo aliyelelewa humo hupiga gumzo na wenzake kwa Sheng, huwaamkua wazazi kwa Kiluo, Kiluhya au Kinubi, hununua mkate dukani kwa Kiswahili, kisha hufika chuoni akatakiwa kuandika insha ndefu kwa Kiingereza. Insha hiyo ikirejeshwa huwa imejaa wino mwekundu. Alama za historia au uchumi hushuka, si kwa kuwa hoja ni haba, bali kwa kuwa sentensi zimekwenda kombo, naye huhesabiwa kuwa mzito wa akili.

Makosa hayo yana mantiki yake. Robert Lado, katika kitabu alichokichapisha 1957, alisisitiza kwamba mwanafunzi huhamishia miundo ya lugha yake katika lugha anayojifunza. Pit Corder naye, katika makala yake ya 1967, aliyaona makosa kuwa ushahidi wa mfumo ambao mwanafunzi amejijengea.

Chukuliwe kitenzi 'nilimwona'. Neno hili moja lina mtenda, wakati na mtendwa. Ni sentensi kamili. Hata kiima kinapotajwa, kiambishi hakiondoki: 'Dada yangu alifika.' Anayeihamisha 'a-' hiyo huandika 'My sister she arrived.' Vivyo hivyo, 'kitabu nilichokinunua' huzaa 'the book which I bought it', kwa kuwa '-ki-' ya yambwa inaruhusiwa kuandamana na kirejeshi katika Kiswahili, ilhali Kiingereza hakikubali. Tena 'a-' haitofautishi mume na mke. Ndiyo maana bibi huanza aya akiwa 'she' na kuimaliza akiwa 'he'.

Tatizo kubwa zaidi, ambalo wakufunzi wengi hulipitia juu juu, ni la kuunganisha sentensi. 'Alifika nyumbani, akavua viatu, akaketi, akaanza kusoma.' Hapa hapana kiunganishi hata kimoja, na hakihitajiki: '-ka-' imeifanya kazi hiyo. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Mwanafunzi akibaki na mkato peke yake, huandika 'The lecturer was late, the students had left', na maandishi ya kitaaluma huihesabu hiyo kuwa sentensi mbili zilizogandishwa.

Si kila kosa litokalo katika Kiswahili, hata hivyo. Ile 's' ya Kiingereza, ambayo mwishoni mwa nomino huashiria wingi na mwishoni mwa kitenzi cha wakati uliopo huashiria umoja, huwatatiza hata wanafunzi wa lugha zisizo na uhusiano wowote na Kibantu.

Linaloshangaza ni kwamba mwanachuo huyu tayari anayo zana ya kujirekebisha. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Uchanganuzi wa sentensi kwa matawi na jedwali umetahiniwa mara nyingi katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE. Kundi Nomino na Kundi Tenzi anayajua; sentensi ambatano anaitambua. Lakini akiingia katika darasa la stadi za mawasiliano, ujuzi huo huachwa mlangoni, na sarufi hufundishwa kana kwamba hajapata kuisikia.

Mhadhiri anaweza kumpa sentensi yake mwenyewe aichore matawi. Katika 'My sister she arrived' ataona Kundi Nomino mbili zikigombea nafasi moja ya kiima. Katika ile ya mhadhiri aliyechelewa, ataandika S1, ataandika S2, kisha atafute U ya kiunganishi katikati, akute pana mkato tu.