Kalendula: ua la kutuliza ngozi, si la kubadilisha rangi

Katika vibanda vya kuuzia miche kando ya barabara, hasa sehemu za nyanda za juu, wakati mwingine utakuta ua dogo la manjano au la rangi ya chungwa ambalo wanunuzi hulichukua kwa ajili ya uzuri wake tu. Hupandwa mbele ya nyumba, likachanua, likanyauka na kutupwa. Wachache hujua kwamba ua hilo, kalendula, limetumiwa kwa karne nyingi huko Ulaya na katika nchi zinazopakana na Bahari ya Mediterania kutuliza ngozi iliyokauka, iliyochunika au iliyochomwa na jua.

Siku hizi jina lake huonekana kwenye vibandiko vya krimu na sabuni madukani, na bei ya bidhaa hizo si ya kila mfuko. La kutia moyo ni kwamba hata mpangaji mwenye roshani ndogo na makopo machache anaweza kuikuza kalendula mwenyewe na kutengeneza mafuta yake jikoni. La kutahadhari ni kwamba mmea huu una kazi yake na mipaka yake. Anayeujua upande mmoja tu anaweza kujidhuru.

Ni mmea gani huu?

Wataalamu huuita Calendula officinalis. Ni jamaa ya alizeti na pareto, na hukua kufikia sentimita 30 hadi 60. Jina lake limetokana na neno la Kilatini la siku ya kwanza ya mwezi, kwa kuwa mahali pasipo na baridi kali wala joto jingi huweza kuchanua karibu kila mwezi. Hapa Afrika, Misri hulima kalendula kwa wingi na kuuza maua yaliyokaushwa nchi za nje.

Usiichanganye na maua mengine ya rangi hiyo hiyo. Kuna ua la bustani lenye harufu kali ambalo wakulima hulipanda kando ya mboga kufukuza wadudu, na kuna jamaa yake wa mwituni ambaye Wagikuyu humwita mubangi. Hayo ni ya jenasi nyingine, asili yake ni Amerika, na hayatumiwi kwa kazi hii. Tofauti ni rahisi kuiona. Majani ya kalendula ni mazima, marefu kidogo na hunata ukiyashika. Majani ya yale mengine yamechanikachanika kama unyoya. Mbegu za kalendula zimepinda kama ukucha na ni za kukwaruza. Za yale mengine ni nyembamba, nyeusi na zimenyooka kama vijiti.

Ndani ya ua mna nini?

Rangi ya chungwa hutokana na viini vya jamii ile ile inayoipa karoti rangi yake. Chini ya petali, kwenye kikonyo cha kijani kinacholishikilia ua, kuna utomvu unaonata. Humo mna viini ambavyo katika majaribio ya maabara vimeonekana kupunguza uvimbe na wekundu wa ngozi. Vingi vya viini hivyo huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, na ndiyo sababu watengenezaji wa dawa hii tangu zamani waliloweka maua katika mafuta.

Je, sayansi inasemaje? Mwaka wa 2004 madaktari wa Ufaransa walichapisha utafiti uliowahusu wanawake 254 waliokuwa wakitibiwa saratani ya matiti kwa miale. Miale hiyo huweza kuiunguza ngozi. Waliopakwa marhamu ya kalendula walipata vidonda vya ngozi vya kiwango cha wastani au kikali kwa asilimia 41, huku waliopakwa dawa nyingine wakifikia asilimia 63. Lakini mwaka wa 2013 utafiti wa Uswidi uliowashirikisha wagonjwa zaidi ya 400 haukuona tofauti yoyote kati ya krimu ya kalendula na krimu ya kawaida isiyo na dawa. Kwa hiyo mtu mwaminifu atasema hivi: kalendula huweza kutuliza, lakini si muujiza, na sehemu ya faida yake hutokana na mafuta yenyewe, ambayo huzuia ngozi kukauka.

Kuikuza nyumbani

Kalendula hupenda ubaridi wa wastani. Nairobi, Limuru, Nyeri, Nakuru na Eldoret huifaa sana. Anayeishi Mombasa au Kisumu asikate tamaa, ila aipande katika miezi ya Juni hadi Agosti kunapokuwa na nafuu ya joto, na aiweke mahali penye kivuli baada ya saa sita mchana.

Chukua chombo chenye kina cha sentimita 20 au zaidi, kama vile debe la mafuta ya kupikia au ndoo iliyopasuka. Toboa matundu chini ili maji yasituame. Usitumie mkebe wa rangi wala wa dawa ya wadudu, kwa sababu ua hili litaishia kwenye ngozi yako. Changanya sehemu mbili za udongo na sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri. Fukia mbegu kwa kina cha sentimita moja, kwani hupenda giza ili kuota. Mwagilia kwa uangalifu. Katika wiki moja hadi mbili utaona miche. Ing'oe iliyosongamana ili kila mmoja uwe na nafasi ya sentimita 25 hivi.

Mmea uhitaji kupata jua angalau saa sita kwa siku. Mwagilia asubuhi, maji yaende kwenye udongo wala si juu ya majani, maana majani yenye unyevu hushikwa na ukungu mweupe kama unga. Vidukari wakivamia, wapanguse kwa maji yenye sabuni kidogo. Dawa kali za wadudu zisikaribie kabisa. Baada ya wiki nane hivi maua huanza kutoka. Kadiri unavyoyachuma ndivyo yanavyozidi kuchanua. Mwishoni acha machache yakomae ili upate mbegu za msimu ujao.

Kuchuma na kukausha

Chuma asubuhi umande ukishakauka, ua likiwa limefunguka kabisa. Chukua ua zima pamoja na kikonyo chake cha kijani, wala si petali peke yake. Vidole vikinata, jua kwamba utomvu umo.

Tandaza maua kwenye ungo au gazeti, safu moja tu, mahali penye hewa na kivuli. Jua kali hupausha rangi. Petali hukauka upesi, lakini kikonyo ni kinene na hukawia, wiki moja hadi mbili. Hapa ndipo wengi hukosea. Ua linaloonekana kavu kwa nje huweza kuwa na maji ndani, na maji hayo yakiingia kwenye mafuta huleta kuvu na viini vya ugonjwa. Jaribu hivi: tia maua ndani ya chupa ya kioo, funika, ulaze usiku mmoja. Ukiona unyevu kwenye kioo asubuhi, yarudishe kwenye ungo.

Kutengeneza mafuta

Chukua chupa safi ya nusu lita yenye mdomo mpana, iliyooshwa kwa maji ya moto na kukaushwa kabisa. Ijaze maua makavu bila kuyashindilia. Mimina mafuta ya alizeti mpaka yafunike maua yote na kuzidi kidogo. Watu wa Pwani wanaweza kutumia mafuta ya nazi, lakini wa Nairobi wakumbuke kwamba mafuta hayo huganda kukiwa na baridi. Funika, weka mahali penye joto kiasi, ukiwa umeizungushia chupa karatasi ya kaki kuzuia mwangaza. Itikise kila baada ya siku mbili tatu. Baada ya wiki nne hadi sita, chuja kwa kitambaa safi. Mafuta yatakuwa na rangi ya dhahabu.

Mwenye haraka aweke maua na mafuta katika bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, kwa moto mdogo sana, muda wa saa mbili au tatu. Mafuta yasichemke.

Ukitaka marhamu, pasha robo lita ya mafuta hayo kwa njia hiyo hiyo ya bakuli juu ya maji, tia gramu 30 za nta safi ya nyuki, koroga mpaka iyeyuke, kisha mimina katika vikopo. Kwa joto la Mombasa ongeza nta ifike gramu 40. Nta hupatikana kwa wauzaji wa asali. Baringo na Kitui zinajulikana sana kwa ufugaji wa nyuki.

Usijaribu kutengeneza krimu yenye maji nyumbani. Maji bila dawa ya kuhifadhi huzaa bakteria katika siku chache. Mafuta na marhamu yasiyo na maji hukaa miezi sita au zaidi yakihifadhiwa mahali pa giza na baridi. Yakianza kunuka mafuta ya zamani, yatupe.

Matumizi na tahadhari

Kabla ya kujipaka popote, paka tone moja upande wa ndani wa kiwiko, usubiri siku mbili. Anayewashwa na pareto, alizeti au maua mengine ya ukoo huu awe mwangalifu zaidi, na ikiwezekana aache.

Ikiwa hakuna dalili mbaya, mafuta haya yanafaa kwa mikono iliyokauka kwa sabuni ya kufulia, visigino vilivyopasuka, midomo iliyobabuka kwa baridi ya Julai, na michubuko midogo iliyokwisha kuoshwa na kukauka. Kwa ngozi iliyochomwa na jua, mimina kikombe kimoja cha maji yaliyochemka juu ya kijiko kimoja cha maua, yapoe, chuja, kisha weka kitambaa kilicholoweshwa kwa maji hayo. Yatumie siku hiyo hiyo na kumwaga yaliyobaki.

Usipake mafuta haya kwenye kidonda kirefu, jeraha la kuumwa na mnyama, jipu, au kitovu cha mtoto mchanga. Mtu akiungua kwa moto au maji ya moto, tiba ya kwanza ni kupoza kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si mafuta ya aina yoyote. Kalendula haiui vibarango wala upele unaoambukiza. Mwenye chunusi anaweza kuziona zikizidi kwa sababu ya mafuta. Mwenye kisukari aliye na kidonda mguuni asipoteze hata siku moja kwa kujitibu. Anayetibiwa kwa miale amwambie daktari wake kwanza. Mjamzito asinywe chai ya kalendula.

Aidha, kalendula haizuii jua. Mtu mwenye ualbino asiitegemee hata kidogo. Kinga yake ni losheni maalumu ya jua, kofia pana na mikono mirefu.

Suala la rangi

Ukimsikia muuzaji akisema kwamba kalendula humfanya mtu kuwa mweupe, ujue anakudanganya. Hakuna kitu kama hicho ndani ya ua hili. Tangu mwaka wa 1998 Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, viini vinavyotumiwa kuchubua ngozi. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi ya samawati ambayo ni vigumu mno kuyaondoa. Hata hivyo krimu hizo zingali zikiuzwa kichinichini, nyingine zikiwa zimechorwa picha za maua kwenye vikopo.

Kuna jambo ambalo wengi wanaojichubua hawajaelezwa. Mabaka meusi yanayowasumbua aghalabu ni alama zilizoachwa na uvimbe. Ngozi nyeusi ikivimba kwa sababu ya chunusi, mkwaruzo au krimu kali, hutoa rangi nyingi zaidi mahali pale. Kwa hiyo anayejipaka kichubuzi kikali ili kuondoa baka huweza kuleta uvimbe mpya, na uvimbe huo ukaleta baka jingine. Njia ya busara ni kuacha kinachochokoza ngozi, kuosha kwa sabuni isiyo kali, kuitunza isikauke na kuikinga na jua. Baka huchukua miezi kufifia.

Katika kazi hiyo ya kutunza, mafuta ya kalendula yana nafasi yake. Lakini aliyetumia kichubuzi kwa miaka asikimbilie ua badala ya daktari. Anapoacha, ngozi yake huweza kuvimba na kuwasha kwa wiki kadhaa, na anahitaji uangalizi wa mtaalamu wa ngozi. Aende na vile vikopo alivyokuwa akitumia, hata kama anaona haya, ili daktari ajue ni nini kilichomo.