Vyombo ni vya Nani?

Wenzangu wa Ruponda mnaotaka kuanzisha bendi likizo hii, kabla hamjagombania nani ataimba, ulizaneni: vyombo ni vya nani? NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kikatoa vyombo, wanamuziki wakapokea mshahara. Raha sana, ila hata jina lilikuwa la mwajiri: chama kilipogeuka JUWATA, bendi nayo ikaitwa JUWATA Jazz, baadaye OTTU. Leo ni Msondo Ngoma.

Sisi mwajiri hatuna, tuna harusi za msimu wa korosho tu. Basi kila mkilipwa, toeni kwanza nauli na mafuta ya jenereta, halafu fungu la vyombo, ndipo mgawane. Na gitaa mlilochangia watano, mmoja akijitoa, anarudishiwa shilingi ngapi? Andikeni kabla ya shoo ya kwanza, mkiwa bado mnacheka.