Kuvuka Murongo: kadi usiyoipata mpakani

Anayetoka Kayanga au Nkwenda kwenda Mbarara huvuka Mto Kagera pale Murongo, na ng'ambo ni Kikagati. Atasalimia kwa Kinyambo, atajibiwa kwa Kinyankore, na mazungumzo yataendelea. Magari yanapita kushoto kama kwetu, saa ni ileile, hata chaja ya pini tatu inaingia ukutani. Rwanda ni tofauti: huko magari hupita kulia, na kwetu ikiwa saa tatu, kwao ni saa mbili. Basi kwa kuwa Uganda imefanana nasi, wengi huondoka bila kujiandaa.

Tangu 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda hutembeleana kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo katika mpango huo, kwa hiyo usitegemee kadi ya NIDA. Beba pasipoti au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Kuhusu fedha, ukitajiwa elfu kumi Mbarara, kumbuka shilingi yao ina thamani ndogo kuliko yetu.

Linaloniumiza kichwa mimi ni homa ya manjano. Uganda inamtaka kila mgeni wa mwaka mmoja na zaidi awe na cheti cha chanjo. Tanzania nayo inamdai anayeingia kutoka nchi yenye ugonjwa huo, na Uganda ni mojawapo, hivyo unaweza kuulizwa hata ukirudi kwenu Kyerwa. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, maana kinga hujengeka taratibu. Anayechanjwa leo asafiri kesho amechelewa, na hakuna afisa wa mpakani awezaye kumsaidia kihalali. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10, kwa hiyo usichomwe tena bure. Mjamzito, mwenye mzio mkali wa mayai na mwenye mtoto wa chini ya miezi 9 wamwone daktari kwanza.

Mwenye gari anahitaji pia kadi ya njano ya COMESA, ambayo ni bima. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki katika bima hiyo. Rangi isikuchanganye: kadi hiyo haikukingi na mbu.

Ukirudi na bidhaa za Mbarara zikiwa ndani ya rambo, zihamishie kwenye kikapu kabla ya daraja. Kwetu mifuko hiyo ni marufuku tangu 1 Juni 2019.