Noti ya zamani ni deni, na deni lina mwenyewe

Tarehe 5 Aprili 2025 ilipopita, noti za Tanzania za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 zilizotolewa kati ya 1985 na 2003 zilikoma kuwa fedha, pamoja na ile ya shilingi 500 ya toleo la 2010. Benki Kuu ilikuwa imetoa miezi mitatu, kuanzia Januari 6, kila mwenye nazo azipeleke kwenye ofisi zake au benki yoyote ya biashara na kulipwa thamani ile ile. Sasa benki haziruhusiwi kuzipokea. Anayevunja kibubu leo akakuta bunda la wekundu wa Msimbazi, yaani noti za elfu kumi za 2003, hawezi kununulia hata chumvi.

Madukani na kwenye daladala zoezi hilo halikusumbua sana, kwa sababu noti hizo zilishaadimika siku nyingi. Jero ya karatasi yenyewe ilianza kupotea baada ya sarafu ya shilingi 500 kutoka mwaka 2014. Ilipita mikono mingi mno, ikachakaa upesi, na sarafu huishi miaka mingi zaidi. Noti zilizobaki zilikuwa ndani ya nyumba: kwenye sanduku la marehemu, chini ya godoro, kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri na kufukiwa. Mwenye akiba ya namna hiyo ndiye aliye mbali zaidi na tawi la benki, na ndiye tangazo humfikia mwisho.

Hata likimfikia, kuzitambua kuna kazi yake. Ziweke mezani elfu kumi mbili, ya 2003 na ya toleo lililofuata. Zote nyekundu, zote zina tembo. Elfu tano zote zina kifaru, elfu mbili zote zina simba, na kwenye buku yupo Mwalimu Nyerere katika matoleo yote mawili. Ni mia tano tu iliyobadilika waziwazi, nyati akampisha Mzee Karume. Bibi mwenye macho hafifu akiambiwa "noti za zamani hazifai", atajuaje kama ya kwake imo? Anahitaji mtu wa kukaa naye, aziangalie moja moja.

Hapa ndipo hesabu za benki kuu zinapotuhusu sote. Katika vitabu vyake, noti zilizo mikononi mwa watu huandikwa upande wa madeni. Kila noti ni ahadi kwa anayeishika. Noti ikirudi, deni hulipwa kwa noti mpya au kwa kuingiza kiasi hicho kwenye akaunti. Isiporudi na muda ukafungwa, deni linaweza kufutwa vitabuni, na kilichofutwa ni faida kwa benki. Hakuna aliyeiba. Lakini mali imehama kutoka kwa mwananchi kwenda kwa taasisi, na sababu pekee ni kwamba tarehe ilimpita.

Kenya ilifanya zoezi la haraka na lenye shabaha tofauti. Juni 1, 2019, katika sherehe za Madaraka mjini Narok, Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, Patrick Njoroge, alitangaza kwamba noti ya zamani ya shilingi 1,000 ingekufa Septemba 30. Waliolengwa walikuwa waficha fedha chafu na watengenezaji wa noti bandia, na wenye mamilioni walitakiwa kujieleza. Muda ulipokwisha, noti takriban milioni 7.4 hazikuwa zimerudi, yaani shilingi bilioni 7.4 za Kenya. Kwa mhalifu ufupi wa muda una mantiki. Tanzania haikutangaza vita na mtu. Ilikuwa inasafisha mzunguko wake, na kwa kazi ya usafi sioni haraka ilikuwa ya nini.

Wapo wanaofanya vingine. Benki Kuu ya Uingereza hulipa noti yake halisi hata iwe ya zamani kiasi gani. Ujerumani bado inabadilisha marki kuwa yuro bila kikomo. Ufaransa ilifunga dirisha la faranga Februari 2012, lakini baada ya miaka kumi. Uswisi iliwahi kuwa na utaratibu wa kupeleka sehemu ya thamani ya noti zisizorudi kwenye mfuko wa waathirika wa majanga ya asili. Huko Oman, ambako ndugu zetu wengi wanaishi na kufanya kazi, noti zilizotangulia toleo la 2020 zilipewa takriban mwaka mzima, hadi Desemba 31, 2024.

Zile zinazorudi husubiriwa na mashine. Zinahesabiwa, zinakaguliwa kama ni halisi, kisha zinasagwa kuwa vipande vidogo visivyoweza kuunganishwa tena. Kwa kuwa noti nyingi hutengenezwa kwa pamba, mabaki yake yana kazi. Hungaria imewahi kuyagandamiza yakawa mkaa mbadala wa kupasha moto nyumba za maskini. India ilipofuta rupia 500 na 1,000 mwezi Novemba 2016, kiwanda kimoja cha mbao huko Kannur, Kerala, kilichanganya vipande vya noti na rojo la mbao kutengeneza hadibodi.

Na aliyebaki na noti mkononi? Azihifadhi kavu, asizikunje wala kuzifua. Wakusanyaji wapo, na wanalipia uadimu na usafi: noti ngumu ya toleo la kwanza la 1966 ina soko, elfu tano iliyochakaa haina. Akipigiwa simu na mtu anayetaka "ada ya usajili" kabla ya kumnunulia noti kwa mamilioni, akate. Huo ni utapeli, kama ule wa sarafu za rupia za enzi za Mjerumani.

Ningependa Benki Kuu ifungue tena dirisha moja katika kila ofisi yake, Mwanza, Mbeya, Arusha, Mtwara, Dodoma, Zanzibar na Dar es Salaam, kwa kiasi kidogo kwa kila mtu mwenye kitambulisho, na itangaze ni noti ngapi hazijarudi. Safari ijayo mawakala wa fedha za simu waingizwe kwenye zoezi tangu siku ya kwanza, walipwe kamisheni yao, kwa kuwa wao wapo gulioni ambako benki haipo.