Tarakimu ya Kumi na Tano

Msomaji mmoja wa Katuba ameniletea swali zuri kuliko yote niliyopata mwaka huu. Alikuwa dirishani anaandikisha simu yake mpya. Karani akaingiza kwenye kompyuta namba ambayo dada huyu alikuwa ameinakili mwenyewe kwenye karatasi, na papo hapo mashine ikaikataa: namba si sahihi. Kumbe alikuwa amepindua tarakimu mbili, 47 akaiandika 74. "Kompyuta haijawahi kuiona simu yangu," anasema. "Imejuaje?"

Namba yenyewe ni IMEI, zile tarakimu 15 zinazojitokeza ukibonyeza *#06#. Hapa Lubumbashi haihitaji kutambulishwa zaidi. Tuliijua kwa uchungu kuanzia Septemba 2020, serikali ilipoleta RAM, daftari la simu za mkononi, ikaanza kukata unite: dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G au 4G, dola 1 kwa simu ndogo. Unaweka unite kwa mama wa kabini, hujapiga hatua kumi, "Banakata tena!" Makelele yakapanda mpaka bungeni, na mwaka 2022 kodi hiyo ikafutwa. Ya kodi nawaachia wachumi. Mimi nimependa tarakimu moja tu, ya mwisho.

Tarakimu 8 za kwanza hutaja aina ya simu, 6 zinazofuata hutofautisha simu hiyo na dada zake waliotoka kiwandani pamoja. Ya 15 haitaji kitu. Kazi yake ni kuangalia kama zile 14 zimenakiliwa sawasawa. Wenye Kifaransa chao huiita ufunguo, nami sikubali: ufunguo hufungua, hii haifungui chochote. "Tarakimu hakiki" inasikika kama jina la idara. Nilijaribu "mlinzi", lakini mlinzi anafukuza wezi, na huyu wezi hawamwogopi. Mwishowe nikakumbuka komini. Ukienda kufunga ndoa unakwenda na shahidi. Yeye haoi wala haolewi, yuko pale ili kesho mtu asije na maneno mengine. Basi, tarakimu shahidi.

Hesabu ya kumpata ilibuniwa na Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM, aliyeiombea hataza mwaka 1954. Chukua namba fupi, 3865. Anzia kulia, zidisha tarakimu moja kwa mbili, inayofuata iache. 5 inakuwa 10. Tunaivunja, 1 na 0, inabaki 1. 6 tunaiacha. 8 inakuwa 16. 1 na 6 ni 7. 3 tunaiacha. Jumla ni 17. Kufika 20 inapungua 3, na huyo ndiye shahidi: 38653. Sasa kosea makusudi, andika 36853. Zile nne zinatoa 15, ongeza 3 ya shahidi, 18. Haigawanyiki kwa 10. Mashine inakataa bila kufungua daftari lolote wala kuuliza mtandao.

Kwa nini kuzidisha? Waone wachezaji wa TP Mazembe wamejipanga kupiga picha, kila mmoja ni tarakimu, na mpiga picha amepewa kazi ya ajabu, kujumlisha urefu wao. Wakisimama chini wote, wawili wakibadilishana nafasi jumla inabaki ileile, hagundui kitu. Kwa hiyo anapanga vigoda: mmoja juu, mwenzake chini, hadi mwisho wa mstari. Tena vigoda vya kichawi, havimwinui kila mtu sawa. 1 anapanda kidogo, 4 anapanda sana, na warefu vinawakunja: 8 akikanyaga anashuka kuwa 7, 5 anasinyaa kuwa 1. Jirani wawili wakibadilishana sasa, wa chini yuko juu, wa juu yuko chini, na jumla inawasaliti. Hata akitoka mmoja akaingia wa akiba mwenye urefu mwingine, anaonekana, kwa sababu juu ya kigoda hakuna wawili wanaolingana: kuanzia 0 hadi 9 wanakuwa 0, 2, 4, 6, 8, 1, 3, 5, 7, 9, kila urefu mara moja tu. Orodha hii nimeipitia mara tatu, kwa utamu wake tu.

Wapo wawili ambao kigoda hakiwafanyi kitu. 0 mara mbili ni 0. 9 mara mbili ni 18, 1 na 8, 9 yuleyule. Ni kama Kidiaba, golikipa wetu aliyeshangilia mabao kwa kurukaruka chini kwa makalio: mpe kigoda, ataketi chini vilevile. Ukiandika 90 badala ya 09, shahidi anaapa kwamba yote ni sawa. Na tapeli anayejua hesabu hii atatunga namba ya uongo yenye shahidi safi kabisa. Tupite.

Mholanzi Jacobus Verhoeff alionyesha mwaka 1969 njia inayonasa hata hao wawili, nayo India imeitumia katika namba ya Aadhaar, kitambulisho cha wakazi wake. Kwetu sensa ya mwisho ilikuwa 1984, na kadi ya mpiga kura ndiyo inayotubebea kazi ya kitambulisho. ONIP, iliyopewa kazi ya kumtambua kila Mkongo, ingeniuliza mimi, ningeanza na shahidi wa Verhoeff kabla ya picha na alama za vidole.

Halafu kuna hili. Simu ikijitambulisha kwa mtandao, shahidi haendi nayo. Kanuni za mitandao zinasema mahali pake itumwe 0. Mitambo ina njia zake za kukaguana. Yeye aliwekewa kalamu, karatasi iliyokunjwa mfukoni, na macho ya karani saa nane mchana.

Dada wa Katuba, ulipindua 4 na 7. Ungepindua 0 na 9, karani angegonga muhuri.