Polio, Uzito na Pumzi

Tarehe 25 Agosti 2020, Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa imeondokana na virusi vya asili vya polio. Ulikuwa ushindi mkubwa wa chanjo, na hatuna budi kuulinda kwa kuendelea kuwachanja watoto wetu. Lakini ushindi huo haukuwatua mzigo wale waliopatwa na polio utotoni. Tunao Unguja na Pemba, wengi wao sasa ni watu wazima na wazee, na wana haja ambayo haijazungumzwa vya kutosha: haja ya kuvuta pumzi bila ya tabu.

Wengi huidhani polio kuwa ni maradhi ya miguu tu. Sivyo. Virusi vyake huua seli za fahamu zinazoamrisha misuli, na misuli ya kupumulia ni miongoni mwao. Ndiyo maana mwaka 1952, polio ilipoushambulia mji wa Copenhagen nchini Denmark, wanafunzi wa udaktari waliitwa kuminya mifuko ya hewa kwa mikono, zamu kwa zamu, usiku na mchana, ili wagonjwa wasikate roho.

Aliyenusurika huweza kuishi miaka mingi akiwa na mapafu mazima lakini misuli dhaifu ya kifua. Baada ya miaka 15, 30 au hata 40, udhaifu mpya huweza kuingia. Ikiwa uti wake wa mgongo umepinda, kifua hukosa nafasi ya kutanuka. Uzito ukizidi juu ya hayo, mafuta ya tumbo huubana msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, hasa anapolala chali. Hewa chafu hubaki mwilini usiku. Asubuhi huamka na maumivu ya kichwa, na mchana kutwa husinzia. Watu humwita mvivu, kumbe usiku hakupumua vyema.

Uzito huo si lazima uwe wa ulafi. Asiyeweza kutembea hutumia nguvu kidogo, na jamaa zake, kwa huruma, humzidishia wali na maandazi wakidhani wanamjenga. Tena mizani huweza kuhadaa: kwa kuwa misuli yake imepungua, huonekana ana uzito wa kawaida ilhali mafuta yamezidi. Wala si busara kumshindisha na njaa, maana misuli michache iliyobaki nayo itadhoofika. Linalomfaa ni samaki, kunde, mboga na matunda. Nazi, mafuta na sukari viwe kwa kiasi. Na mazoezi mepesi kwa ushauri wa mtaalamu, yasiyomchosha kupita kiasi.

Kwa wahusika wa afya, tunatoa mwito. Vituo viwe na mizani ya kumpima mtu akiwa katika kiti chake cha magurudumu. Mtu huyu apimwe pumzi akiwa amekaa na akiwa amelala, na aulizwe usingizi wake. Asilazimike kuvuka bahari kwa kipimo hicho. Oksijeni peke yake, bila ya kupima hewa chafu iliyomo katika damu, huweza kumzidishia hatari. Pengine anachohitaji ni mashine ya kumsaidia kupumua usiku. Na chanjo za homa ya mafua na za nimonia zinapopatikana, asisahauliwe, kwani mwenye kifua dhaifu hashindi kikohozi kwa urahisi.

Haya si mambo ya anasa. Nchi iliyoweza kuwafikia watoto kwa chanjo, nyumba hadi nyumba, haiwezi kushindwa kuwafikia watu wazima ambao maradhi yaliwatangulia.