Jini, ndimu na toniki: Je, glasi chungu inaweza kukinga malaria?

Katika miji iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, ambako mbu huanza kuvuma mara jua linapozama, dhana moja ya tangu enzi za ukoloni haijafa: kwamba jini iliyochanganywa na ndimu na maji ya toniki humkinga mnywaji na malaria. Dhana hiyo ina chembe ya ukweli, lakini chembe yenyewe ni ndogo mno kumwokoa mgonjwa.

Mjini Bujumbura jambo hili si la mzaha. Mji huo umo katika uwanda wa Imbo, wenye joto na maji yanayotuama, na mwezi Machi 2017 serikali ya Burundi ilitangaza rasmi mlipuko wa malaria nchini.

Uchungu hutoka wapi?

Jini, kinywaji na si kiumbe wa hadithi, ni pombe kali isiyo na rangi inayopewa harufu na matunda ya mreteni. Haina dawa yoyote ya malaria. Kilichoipa sifa hiyo ni toniki, soda chungu yenye kwinini.

Kwinini hupatikana katika magome ya mkwinini, mti wenye asili ya milima ya Andes huko Amerika Kusini. Mwaka 1820 wanakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, walifanikiwa kuitenga. Katika karne hiyo hiyo, Waingereza waliokuwa India walizoea kuichanganya na maji na sukari ili kupunguza uchungu wake, kisha wakaongeza jini na ndimu.

Mti huo si mgeni kwa majirani wa Burundi. Wabelgiji waliupanda Kivu, na kwa miongo kadhaa kiwanda cha Pharmakina mjini Bukavu kimekuwa kikitengeneza kwinini kutokana na magome yake.

Hesabu ya lita 21

Toniki ya leo ina kwinini kwa ajili ya ladha tu. Nchini Marekani, kwa mfano, sheria hairuhusu zaidi ya miligramu 83 kwa kila lita. Mtu mzima mwenye kilo 60 anayetibiwa malaria kwa vidonge vya kwinini hupewa takriban miligramu 600 kila baada ya saa 8, yaani miligramu 1,800 kwa siku, kwa muda wa siku 7.

Ili kupata kiasi hicho kutoka kwenye toniki, mgonjwa angelazimika kunywa zaidi ya lita 21 kila siku kwa wiki nzima. Glasi moja au mbili za jioni hazitibu wala hazikingi.

Jinsi ya kuiandaa nyumbani

Kwa anayeitaka kama burudani tu, maandalizi ni mepesi. Glasi ndefu hujazwa barafu, humiminwa mililita 50 za jini na maji ya nusu ya ndimu, kisha huongezwa mililita 150 hivi za toniki iliyopoa. Hukorogwa mara moja tu, ili gesi isipotee. Ndimu hukamuliwa wakati huo huo, kwa kuwa maji yake hupoteza harufu yakikaa.

Kipimo kina umuhimu wake. Mililita 50 za jini yenye kilevi cha asilimia 40 zina mililita 20 za kilevi halisi. Glasi mbili za namna hiyo huzidi chupa kubwa ya bia ya sentilita 72 yenye kilevi cha asilimia 5, ijapokuwa utamu na ubaridi humfanya mnywaji asihisi hivyo. Mjamzito hapaswi kunywa kabisa.

Barafu nayo iangaliwe. Kugandisha maji hakuui vijidudu vya kipindupindu, ugonjwa uliozuka tena Bujumbura mwanzoni mwa mwaka 2023. Maji ya barafu yachemshwe kwanza.

Wasiotumia kilevi hawakosi kitu. Toniki, ndimu na majani machache ya mnanaa hutoa ladha ile ile chungu na kali.

Chupa isiyojulikana

Hatari kubwa zaidi imo katika pombe iliyogemwa kwa siri, ambayo nchini Burundi hujulikana kama kanyanga na imepigwa marufuku. Pombe ya namna hiyo huweza kuwa na methanoli, sumu ambayo mwilini hugeuka kuwa asidi inayoharibu neva za macho. Mwaka 2010, makumi ya watu walifariki katika wilaya ya Kabale, Uganda, baada ya kunywa pombe iliyokuwa na sumu hiyo.

Methanoli haitambuliki kwa ladha wala harufu, na ndimu haiiondoi. Dalili huweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, kutapika, na macho kuona ukungu. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali bila kusubiri zimpite kama uchovu wa ulevi.

Homa ikija

Pombe huongeza upungufu wa maji mwilini, na maumivu ya kichwa na kichefuchefu vinavyoifuata huweza kufanana na malaria, mgonjwa akadhani ni uchovu tu. Shirika la Afya Duniani linashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe, na akithibitika apewe dawa mseto zenye artemisinini. Malaria ya aina ya falsiparum, iliyo nyingi zaidi Burundi, isipotibiwa ndani ya saa 24 huweza kuwa kali na kuua.

Kwa hiyo anayetaka kinga alale ndani ya chandarua chenye dawa, na homa ikimpata aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Glasi yenye ndimu ibaki kuwa kinywaji cha jioni, kwa anayekitaka.